Namna ya kuonyesha maabara jinsi moyo unavyovunja oksidi ya nitriki

Seli ya msuli wa moyo huivunja oksidi ya nitriki (gesi ya NO) hasa kwa mayoglobini, protini nyekundu ya msuli, iliyobeba oksijeni, na kinachobaki ni nitreti pamoja na mayoglobini ya rangi ya kahawia, ile ile inayolifanya pande la nyama lililoning'inia buchani tangu asubuhi lipoteze wekundu wake.

Ili kuliona hilo, yeyusha mayoglobini ya moyo wa farasi katika bafa ya fosfeti (myeyusho unaozuia pH isibadilike) yenye pH 7.4. Kwa kuwa ile ya dukani huwa imekwisha kuoksidika, iongezee sodiamu dithionaiti ili kuondoa uoksidishaji huo, kisha ipitishe kwenye safuwima ya jeli ili kuitenga na dithionaiti. Wengi huiruka hatua hii, nayo dithionaiti iliyobaki huwaharibia kipimo chote. Hifadhi myeyusho kwenye barafu.

Pima kilele cha ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 581, cha mayoglobini yenye oksijeni, ongeza kemikali inayoachia oksidi ya nitriki, halafu fuatilia kilele hicho kikishuka huku kile cha nanomita 630, cha mayoglobini ya kahawia, kikipanda. Andaa pia sampuli isiyotiwa kemikali hiyo, kwani mayoglobini hujioksidisha yenyewe polepole. Katika seli hai, kimeng'enya huirudishia wekundu. Kwenye kyuveti, yaani kichupa cha kupimia mwanga, haitarudi.