Ngano bila plau: mabua usiyauze yote

Wenye ngano huku Timau, upande ule Mlima Kenya umetunyima mvua, na nyinyi wa Narok ya chini, hebu tuongee mambo ya kuyaacha mabua shambani na kupanda juu yake bila plau. Kila mwaka ni yaleyale, mtu anavuna, anauza beli zote, kinachobaki anachoma, halafu anaingiza plau ya kugeuza udongo na haro ya kuusaga mara mbili tatu mpaka udongo unakuwa unga, alafu mvua ya kwanza ikija inafunga udongo juu na maji yote yanateremka mtaroni, ikikatika wiki mbili tu ngano imeshakunja majani.

Sasa, kazi haianzi siku ya kupanda, inaanza siku ya kombaini, ile mashine ya kuvunia. Mwambie dereva akate juu kidogo, sentimita 25 hivi mpaka 30, hayo yaliyosimama yanakinga upepo, na ile chopa ya nyuma inayokatakata mabua iwe inafanya kazi, itawanye upana wote kombaini inaoukata. Hapa ndo tunaharibu wengi. Makapi yakirundikana mstari mmoja, msimu ujao utaona huo mstari ngano haijaota ama imeota kwa shida, na kwa reki huwezi kutawanya ekari hamsini.

Kama chini kuna ule udongo mgumu wa miaka ya plau, pitisha ripa, ile ya meno marefu inayopasua bila kugeuza udongo, mara moja kabla ya kuanza, na iwe udongo ni mkavu upasuke, ukiwa na maji ripa inakata tu kama kisu.

Kujua mabua yanatosha chukua kamba ya mita 10, funga fundo kila sentimita 10, ilaze kwa kukingama mistari, hesabu mafundo yaliyoangukia bua. Ukishapanda yasipungue 30 kati ya 100, na sehemu kavu hivi mi napenda 50 kwenda juu. Rudia sehemu tatu nne, usichague penye pazuri!

Magugu yanauawa kwa dawa, hakuna njia ya mkato, na ngano iliyojiotea yenyewe uiue pia wiki mbili tatu kabla ya kupanda, maana ugonjwa wa kutu unaishi kwa mmea mbichi na hapo ndo unavukia msimu mwingine.

Kupanda unahitaji planta yenye diski za kukata mabua. Usiingie asubuhi na umande, bua lenye unyevu halikatiki, diski inalikunja na kulisukumia ndani ya mfereji na mbegu inakaa juu ya bua badala ya udongo. Ngoja saa nne saa tano yavunjike ukiyakunja mkononi. Kila mara shuka, fukua kwa kidole, mbegu iwe sentimita 3 mpaka 5.

Mwaka wangu wa kwanza ngano ilikuwa njano wiki ya tatu, nikakimbia kununua dawa ya ukungu, pesa ya bure kabisa. Kumbe vijidudu vinavyoozesha mabua vinakula naitrojeni ya udongo. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una naitrojeni kilo 9 tu, kwa hiyo usingoje CAN, mbolea ya kukuzia, ya baadaye, ongeza naitrojeni kidogo mapema.

Na mifugo? Hii ndo ngumu kuliko zote, jirani amezoea kuingiza kondoo ukishavuna na huwezi kumfukuza ghafla mkabaki majirani. Mi nilimkatia upande mmoja apewe beli, uliobaki usiguswe, na tuliongea kabla ya kuvuna si baada. Ngano juu ya ngano pia usirudie, magonjwa ya madoa ya majani yanalala kwenye mabua, ingiza kanola ama njegere katikati.

Anza na ekari mbili kando ya zile za plau. Siku kumi baada ya mvua chimba pande zote mbili kina cha kiganja, finyanga udongo kwa ngumi, angalia upi unashikana, huo ndo umeshika maji.