Kadi za kale za michezo uchumi unapoyumba: namna ya kujua bei ya kweli, kununua na kuuza

Mdororo wa uchumi ukianza, bei za kadi za kale za michezo, zile zenye picha za wachezaji, hazishuki siku hiyo hiyo. Kinachotangulia kupotea ni wanunuzi. Kadi iliyokuwa ikigombewa na watu sita mnadani sasa inagombewa na wawili, kisha mmoja, na akibaki mmoja bei hukomea pale alipoanzia. Wenye kadi nao hawataki kukubali hasara, hivyo huiacha bei ya mwaka jana palepale na kusubiri. Kwa miezi kadhaa soko huonekana limetulia, kumbe halina mauzo. Kazi ya kwanza ya mwenye kadi, au ya anayetaka kununua, ni kuitofautisha bei iliyoandikwa na bei iliyolipwa. Ya pili ni kujua kadi yenyewe iko kundi gani, kwa sababu hali ngumu haizigusi zote sawasawa.

Kadi yako ni ya kundi gani?

Wakusanyaji wengi huita kadi "ya kale" ikiwa ilitolewa kabla ya mwaka 1980 hivi. Ndani ya hizo mna makundi yanayoachana mbali.

Kundi la kwanza ni zilizo adimu kweli. Mfano wake mkuu ni Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, wa seti ya T206, kadi iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 pamoja na sigara za American Tobacco Company. Zinazojulikana kubaki ni 50 hadi 60 hivi. Wenye nazo ni matajiri ambao kwa kawaida hawalazimiki kuuza ili walipe deni, kwa hiyo hali ikiwa mbaya kadi hizi hazishuki bei mbele ya macho ya watu. Huonekana sokoni kwa nadra tu. Wagner maarufu kuliko zote, ya daraja la 8 la PSA (kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa daraja hadi la 10, lililo bora kabisa), iliuzwa dola milioni 2.35 Februari 2007 na milioni 2.8 Septemba mwaka huo. Miezi mitatu baadaye Marekani iliingia katika mdororo uliodumu hadi Juni 2009. Rekodi hiyo haikuvunjwa hadi Oktoba 2016, pale Wagner nyingine ya daraja la 5 ilipofika milioni 3.12. Ukiondoa mfumuko wa bei, dola milioni 2.8 za 2007 zilikuwa sawa na takriban milioni 3.2 za 2016. Kwa hiyo hata kileleni kabisa, miaka tisa ilipita bila rekodi mpya kuizidi ile ya zamani kwa thamani halisi ya fedha. Anayesema kadi adimu "hazishuki kamwe" husahau kuhesabu muda.

Kundi la pili ni kadi mashuhuri ambazo si adimu. Mickey Mantle, mchezaji mwingine wa besiboli, katika seti ya 1952 ya kampuni ya Topps, namba 311, anajulikana hata na wasiokusanya kadi, lakini PSA pekee imeshazipima zaidi ya 1,500. Huuzwa mara kwa mara, na hapo ndipo penye faida yake wakati wa shida: mnunuzi yupo daima, na bei ya karibuni inajulikana. Ukihitaji fedha ndani ya wiki mbili, kadi ya aina hii hukuokoa kuliko kadi adimu inayosubiri mtu mmoja duniani. Usidanganyike na bei za kileleni, hata hivyo. Mantle ya daraja la 9.5 la SGC, kampuni nyingine ya upimaji, iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, mwaka ambao soko la hisa lilikuwa limeanguka na kadi nyingi za kisasa zilikuwa zimeshapoteza sehemu kubwa ya bei. Kadi hiyo moja haikuambii lolote kuhusu Mantle ya daraja la 2 yenye mkunjo katikati.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza watu: kadi zilizo nyingi, ambazo bei yake imejengwa juu ya daraja la juu tu. Michael Jordan wa mpira wa kikapu, katika seti ya 1986 ya kampuni ya Fleer, namba 57, si wa kale kwa kipimo cha juu, lakini hakuna somo lililo wazi kuliko lake. Ziko zaidi ya 300 zenye daraja la 10 la PSA. Januari 2021 daraja hilo lilifika dola 738,000. Kabla ya mwaka huo kuisha lilikuwa limepoteza zaidi ya nusu, na hapo Benki Kuu ya Marekani haikuwa hata imeanza kupandisha riba. Ilianza Machi 2022, na bei ikazidi kuteremka. Tofauti ya macho kati ya daraja la 9 na la 10 ni pembe moja au wino kidogo. Bei ya la 10 ilikuwa mara kadhaa ya bei ya la 9, na pengo hilo lote lilijazwa na fedha za watu waliokuja kutafuta faida ya haraka. Hao ndio wa kwanza kuondoka.

Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ziache nje ya hesabu hizi. Zilichapishwa kwa wingi kupita kiasi, na uchumi ukipanda au ukishuka, nyingi zake hazina mnunuzi.

Kutafuta bei ya kweli

Fungua rekodi za mauzo yaliyokamilika. Matangazo ya bei hayakusaidii. Tafuta mauzo saba hadi kumi ya kadi ileile, daraja lilelile, kampuni ileile ya upimaji. Daraja la 5 la PSA na la 5 la SGC mara nyingi hayalipwi sawa. Yapange kwa tarehe, si kwa ukubwa. Tuseme umepata, kuanzia la zamani: dola 1,150, 1,080, 1,900, 1,100, 940, 910, 880.

Ukichukua bei ya katikati ya yote saba utapata 1,080, na utajidanganya. Ile 1,900 itupe mpaka ujue sababu yake: huenda picha imekaa katikati kikamilifu, huenda washindani wawili walikasirikiana, au mnunuzi hakulipa. Kisha angalia matatu ya mwisho peke yake: 940, 910, 880. Bei ya leo ni 910, nayo inateremka. Angalia pia nafasi kati ya mauzo. Kama mwanzo kadi iliuzwa kila wiki na sasa ni kila baada ya wiki tano, wanunuzi wamepungua, na bei itafuata.

Mtego mmoja: kwenye eBay, tovuti ya kuuzia na kununulia vitu, muuzaji akikubali ofa ya chini, ukurasa wa kawaida unaweza kuonyesha bei ya tangazo iliyokatwa mstari bila kutaja kilicholipwa. Wakati wa hali ngumu mauzo mengi huwa ya namna hii. Ukiyahesabu kwa bei iliyokatwa utapandisha makadirio yako bila kujua.

Kwa muuzaji, 910 si fedha ya mkononi. Toa ada ya tovuti ya mauzo ya asilimia 13 hivi, inabaki 792. Toa dola 15 za kutuma na bima, inabaki 777. Hiyo ndiyo namba ya kuandika daftarini.

Kununua wengine wanapokaza mkanda

Nunua kwa fedha ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano, tena bila mkopo. Aliyekopa ili anunue kadi ndiye atakayekuuzia kwa bei ya kutupa mwaka unaofuata. Usibadilishane naye nafasi.

Weka dau lako la juu kabla mnada haujaanza, ukianzia mwisho. Kama bei ya kweli ni 910 na soko linateremka, jipe nafuu ya asilimia 10: kikomo cha gharama zote ni 819. Ondoa usafirishaji, tuseme 20, inabaki 799. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo gawanya kwa 1.2: ni 666. Kodi ya mauzo ikiwa asilimia 7, gawanya tena kwa 1.07: ni 622. Dau lako ni dola 620, si 819. Wengi hushinda mnada kisha hugundua wamelipa kupita bei ya soko, kwa sababu hesabu hii waliifanya baada ya nyundo kugonga.

Daraja lipi? Kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, madaraja ya 2 hadi 4 ndiyo hali ya kawaida, na wala si aibu. Seti ya kampuni ya Goudey ya 1933 ilitoka Mdororo Mkuu ukiwa umewakaba watu. Pakiti ya bazoka (ubani wa kutafuna) na kadi iliuzwa senti moja, na watoto walizichezea hadi pembe zikaviringika. Kadi nne za mchezaji wa besiboli Babe Ruth katika seti hiyo, namba 53, 144, 149 na 181, huwa na wanunuzi hata zikiwa na mikunjo. Kwa kadi za miaka ya 1950 na 1960, madaraja ya 4 hadi 6 yenye picha iliyokaa katikati, rangi hai na mkunjo usioonekana upande wa mbele huuzika upesi kuliko daraja la 7 lenye picha iliyoegemea upande mmoja.

Hali ngumu huleta sokoni kadi nyingi zisizopimwa, zilizotoka masandukuni, na katikati yake huchanganyika zilizofanyiwa udanganyifu. Kosa kubwa ni kukatwa kingo ili pembe zionekane mpya. Pima kwa rula ya milimita au kalipa, bila kuibana kadi:

- T206: takriban 36.5 × 66.7 mm
- Goudey 1933: 60.3 × 73 mm
- Topps 1952 hadi 1956: 66.7 × 95.3 mm
- Topps kuanzia 1957: 63.5 × 88.9 mm

Mashine za zamani hazikukata sawasawa, kwa hiyo upungufu mdogo peke yake si ushahidi. Ushahidi ni upungufu pamoja na ukingo mweupe, mkali, usiochakaa kwenye kadi ambayo uso wake umechakaa. Tumia kioo cha kukuzia mara 10. Chini yake, uchapishaji halisi wa picha huonyesha vitone vya rangi vyenye mpangilio, na maandishi meusi huwa na wino mmoja mzito. Nakala ya kisasa mara nyingi huwa na vitone hata ndani ya herufi. Kisha zima taa na uimulike kwa tochi ya urujuanimno. Karatasi za kabla ya vita hazikuwa na kemikali za kung'arisha, hivyo Goudey inayong'aa buluu si ya 1933.

Kadi iliyo ndani ya ganda la kampuni ya upimaji nayo ikaguliwe: ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, alama kwa alama. Hata ganda halali si neno la mwisho. Wagner ile ya daraja la 8 ilikuwa imekatwa kingo, na dalali aliyewahi kuiuza alikiri hilo mahakamani Marekani mwaka 2013.

Kuuza, au kutouza

Kama hulazimiki, usiuze kadi za kundi la kwanza. Kama unalazimika, anza na kundi la tatu, na uuze mapema, kabla hujasikia habari za mdororo kila redioni. Kuacha kuuza zinazoshuka kwa sababu "zitarudi," kisha kuuza iliyo bora kwa sababu ndiyo pekee inayopata bei, ndiyo njia fupi ya kubaki na makapi.

Njia ya kuuzia hubadilika kwa thamani. Kadi ya chini ya dola 500 hivi iuzie mtandaoni kwa bei iliyopangwa na ofa zikiwa wazi. Mnada wa siku saba katika soko lisilo na watu unaweza kuishia kwa dau moja. Kadi ya maelfu ipeleke nyumba ya mnada yenye orodha ya wanunuzi wa kadi za aina hiyo, na uulize mambo matatu kwa maandishi: ada ya muuzaji, kama unaruhusiwa kuweka bei ambayo kadi haiuzwi chini yake, na malipo yatafika baada ya siku ngapi. Mara nyingi ni mwezi na zaidi baada ya mnada, achilia mbali miezi ya kusubiri mnada wenyewe. Nyumba nyingine hutoa malipo ya awali. Hayo ni mkopo: kadi ikiuzwa chini ya kiasi ulichochukua, unadaiwa.

Kabla ya kupeleka kadi kupimwa, piga hesabu. Tuseme bila ganda inalipa 300. Ikipata daraja la 5 ni 450, la 4 ni 320, la 3 ni 240, na huna hakika ni lipi. Wastani ni 337. Gharama za kupima, kutuma na bima zikiwa 60, unabaki na 277. Iuze ilivyo. Ongeza pia hatari ya muda: Machi 2021 PSA ilisimamisha kupokea kadi kwa huduma zake nyingi kwa sababu ya mlundikano, na waliokuwa wamepeleka kadi wakati bei ziko juu walirudishiwa kadi hizo bei zikiwa zimeshuka. Kadi ikigunduliwa imekatwa hurudi bila daraja, na ada mara nyingi hairudi.

Kwa walipa kodi wa Marekani, faida ya kadi iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja huweza kutozwa hadi asilimia 28, kwa kuwa kadi huhesabiwa kama vitu vya kukusanywa. Tunza risiti ya kununulia.

Zinazobaki ziwekwe kwenye mfuko laini usio na PVC (aina ya plastiki inayoweza kuharibu kadi), kisha kishikizo cha plastiki kigumu kiasi, mahali penye giza, nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Raba za kufungia huacha alama kingoni na hushusha daraja la kadi. Bima ya nyumba mara nyingi ina kikomo kidogo kwa vitu vya kukusanywa, kwa hiyo soma kipengele hicho na, ukiongeza bima, tumia bei ya mauzo ya karibuni. Ukiikatia kwa bei ya kilele cha 2021, utalipia kila mwaka thamani ambayo haipo tena.