Kukagua boti ya faiba kwa kamera ya joto: mwongozo kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Sehemu ya boti inayonifanya nibebe kamera ni ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine. Kwenye boti nyingi za faiba ubao huo una playwudi au mbao ndani, imefunikwa kwa faiba pande zote mbili. Maji yakipenya kwenye tundu la bolti, mbao inaoza humohumo ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Mwenye boti anakuja kujua siku ya kusi kali, mashine inapovuta kwa nguvu zote na ubao unaanza kucheza. Wakati huo kuna watu ndani ya boti.

Kamera ya joto inaweza kuonyesha uozo huo mapema, tena bila kutoboatoboa. Lakini ina masharti yake, na fundi asiyeyafuata atapata picha nzuri zisizo na maana.

Mwongozo huu ni wa boti za faiba. Mashua au dau la mbao lina unyevu kila mahali, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ubao ukivimba ndipo maungio yanafunga juu ya kalafati. Kwa chombo kama hicho ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5 na ya 6. Mbao zake zikague kwa kisu na nyundo, kama wazee wanavyofanya.

Hatua ya 1: Jua kamera inaona nini

Kamera haioni maji, wala haipenyi faiba. Inapokea miale ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu na kuigeuza kuwa picha ya joto la uso huo. Basi. Unachotafuta ni alama inayoachwa juu na kitu kilichomo ndani.

Alama hiyo inatokana na uwezo mkubwa wa maji wa kubeba joto. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 4.2, mara kadhaa zaidi ya faiba kavu. Kwa hiyo sehemu iliyolowa hupata joto polepole na hulipoteza polepole. Asubuhi jua likianza kupiga, utaiona ya baridi kuliko jirani zake. Jioni jua likishazama, utaiona ya moto.

Faiba iliyoachana, yaani matabaka yaliyobanduka na kuacha hewa katikati, hufanya kinyume. Hewa inazuia joto lisipite, hivyo uso wake unawaka haraka mchana na kupoa haraka jioni. Shika tofauti hii vizuri, maana ndiyo itakayokuambia kama unashughulika na maji au na mbanduko.

Hatua ya 2: Panga siku kwa kufuata bamvua

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kwetu maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Boti iliyolala ufukweni Shangani au Mikindani inafunikwa na maji alasiri, na jua linapozama bado inachuruzika. Ukiipiga picha hapo utaona jinsi maji ya nje yanavyokauka, na hutaona chochote cha ndani.

Tumia bamvua kuipandisha boti juu kabisa, ipite mstari wa maji. Maji yakianza kufa, yaani yasipopanda tena juu hivyo, itabaki kavu kwa siku kadhaa. Siku ya kwanza ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi iliyobaki usoni hunyonya unyevu wa usiku. Toa kila kitu ndani: nyavu, matangi ya mafuta, sanduku la barafu, maji ya ngama yaliyotuama chini ya boti. Tangi lenye mafuta likigusa ubavu litatoa doa linalofanana kabisa na maji. Acha boti ipigwe na jua siku mbili tatu, ndipo ukague. Bamvua inayofuata, baada ya wiki mbili hivi, mwenye boti anaishusha.

Chagua siku ya jua kamili, na tafuta kizuizi cha upepo. Kusi linalopuliza mfululizo linafagia joto usoni na kusawazisha tofauti unazozitafuta. Boti iliyoshinda kivulini chini ya mkorosho nayo haifai. Itatoka rangi moja kutoka omo hadi tezi.

Hatua ya 3: Weka kamera sawa, kisha piga picha

Weka emisiviti, yaani kipimo cha uwezo wa uso kutoa joto, kwenye 0.95. Inafaa kwa rangi na jelikoti, lile tabaka laini la nje la faiba. Haifai kwa aluminiamu tupu wala chuma cha pua kilichong'arishwa, kwa sababu hivyo huakisi kama kioo na kamera itapima joto la anga au la mwili wako. Ukilazimika kupima chuma kinachong'aa, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri dakika chache, kisha pima juu ya tepu.

Zima mpangilio wa rangi wa kujiendesha. Funga kipimo kwenye upana wa nyuzi 4 au 5 tu, joto la wastani la ubavu likiwa katikati. Kamera ikiachwa ijipangie, tofauti ya nusu nyuzi itapakwa nyekundu na mwenye boti ataanza kulia. Nimeulizwa mara nyingi, "Fundi, pale pekundu pameungua?" Huwa namwonyesha namba na kumwambia rangi ni ya kupangwa.

Anza saa moja hivi baada ya jua kuzama. Simama mita moja na nusu hadi mbili, na usielekee uso moja kwa moja. Kaa pembeni kidogo ili usipige picha ya joto lako mwenyewe. Ukiona doa, sogea hatua mbili kulia, halafu kushoto. Doa likikufuata ni mwakisiko. Likikaa palepale, endelea nalo.

Pita kwa mpangilio huu: ubao wa nyuma kwanza, nje na ndani, ukikaa sana kwenye bolti za mashine na tundu la kutolea maji. Kisha mahali popote pa sitaha palipofungwa skrubu. Mbavu za pembeni, mwisho mkuku.

Mataruma, yaani mbao za kiunzi cha ndani, yatajitokeza kama mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa. Hiyo ni kawaida, mbao nzima nayo inatunza joto. Maji hayana nidhamu hiyo. Huonekana kama wingu lenye kingo zisizo sawa, mara nyingi likianzia kwenye tundu na kutanuka kwenda chini. Linganisha kushoto na kulia: boti imejengwa pacha, na kitu kilichopo upande mmoja tu kinadai maelezo.

Rudi asubuhi, jua likianza kugusa upande uleule. Wingu lililokuwa la moto jioni likigeuka la baridi, una sababu nzito ya kushuku maji. Lililokuwa la baridi jioni likigeuka la moto, shuku mbanduko.

Hatua ya 4: Thibitisha kwa mkono

Usimwambie mtu boti yake imeoza kwa sababu ya picha. Gonga eneo lote kwa nyundo ya plastiki: faiba nzima inalia kwa ukali, iliyoachana au kuoza inatoa sauti butu. Kisha mita ya unyevu, ukilinganisha doa na sehemu kavu ya boti ileile. Angalia rangi ya chini yenye shaba, inadanganya mita, kwangua kwanza.

Bado una shaka? Omba ruhusa utoboe tundu dogo la milimita 4 kwa upande wa ndani. Unga unaotoka ukiwa mkavu na wa rangi ya mbao, ziba kwa epoksi na mshukuru Mungu. Ukitoka mweusi, wenye harufu ya kuoza, ubao huo ufunguliwe. Sikubali kuziba juu yake hata mwenye boti akisisitiza.

Hatua ya 5: Umeme

Waya usiopitisha umeme hauna la kuonyesha. Fungua kwanza boti ipate hewa, mvuke wa petroli utoke, ndipo uwashe taa, pampu ya ngama, redio na vingine vyote kwa dakika 15 hivi. Piga picha vichwa vya betri, fyuzi, swichi na kila kiungio cha waya. Hewa ya chumvi hula shaba kimyakimya chini ya plastiki, ukinzani unapanda na joto linapanda.

Linganisha viungio vinavyofanana, vyenye mzigo unaofanana. Tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 ni ya kuangalia tena. Nyuzi 4 hadi 15, kuna kasoro, panga matengenezo. Zaidi ya 15, zima na rekebisha kabla ya safari. Kumbuka pia joto hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: kiungio kinachoonyesha nyuzi 5 kwa nusu ya mzigo kinaweza kufika karibu 20 mzigo ukikamilika.

Hatua ya 6: Mashine

Tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji, iwashe, iache ipate joto la kazi. Fungua kifuniko ukijihadhari na gurudumu linalozunguka juu. Vazi lisiwe na mikono mirefu. Pima sehemu zilizopakwa rangi tu. Silinda moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, au kichwa kikiwa na eneo moja la moto huku maji ya kupoozea yakitoka dhaifu, angalia impela, yaani feni ndogo ya pampu ya maji, na njia za maji. Chumvi hujijenga humo mashine isiposuuzwa.

Hatua ya 7: Ripoti

Kila picha ya joto iambatane na picha ya kawaida ya mahali palepale, saa, hali ya jua na upepo, na matokeo ya nyundo na mita. Kipimo cha rangi kiwe kimoja kwenye picha zote za ubavu, la sivyo anayesoma hawezi kulinganisha. Mweleze mwenye boti kwamba karatasi yako haichukui nafasi ya ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma faili halisi kama dokumenti, maana picha ya kawaida hubanwa na namba za joto zilizofichwa ndani yake hupotea.