Umepewa kazi nyuma ya jukwaa, shoo ina projekta na laptopu: anza hivi

Watu wakiona ngoma inachezwa, video inatembea ukutani na taa zinafuata mdundo, wanadhani kuna mtambo mmoja unafanya yote, kumbe huku nyuma tupo watatu tumebanana kwenye meza na feni moja. Mi kazi yangu ni kurusha picha kwahiyo naongelea zaidi upande huo.

Kwanza nenda ukaone sehemu, tena uende muda uleule wa shoo. Huku pwani jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kabla ya saa moja usiku projekta ya nje ni kazi bure, mwambie mapema anayepanga ratiba. Na kama ni ukuta wa zamani kama wa Ngome Kongwe pale Unguja, yale mawe si meupe, yanakula mwanga, so maandishi madogo na rangi za kupauka sahau, tumia maumbo makubwa. Umbali piga hesabu: lenzi ikiwa 1.5 (yaani umbali ni mara 1.5 ya upana wa picha) na unataka picha upana wa mita 6, projekta inakaa mita 9 kutoka ukutani. Ulizia pia muda wa adhana, uweke kwenye ratiba kabisa, maana saundi cheki inasimama hapo.

Sasa kebo, hapa ndo shoo nyingi zinafia. HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 au 15 inaanza kuleta chenga, kwa mbali tafuta kebo ya SDI (kebo ya video wanayotumia watu wa TV), hiyo ya HD inafika hata mita 100. Taa za DMX (mfumo wa kuendesha taa za jukwaa kwa kebo, upo tangu 1986, chaneli 512 kwa laini moja) usiziunganishe na kebo ya maiki eti kwa sababu kichwa kinafanana, zitakaa poa mchana kutwa afu usiku zinaanza kupepesa zenyewe. Taa ya mwisho iwekee kile kizibo chenye rezista ya omu 120, bei ndogo sana. Laptopu ikileta mngurumo kwenye spika, chomoa chaja usikilize, ukipotea basi chukua umeme sehemu moja na watu wa sauti au waombe DI boksi, kiboksi cha kupitishia sauti ya laptopu kinachokata mngurumo.

Kitu nilichochelewa kujifunza ni hiki: usitengeneze video ya dakika 4 ukategemea wimbo utaisha dakika 4. Wapiga ngoma wakinogewa hawaangalii saa bana, mchezaji akitunzwa anarudia tena, na wewe picha imeisha ukuta mweusi umebaki unatoa macho. Kata video vipande vifupi vinavyojizungusha vyenyewe, kila kimoja kinasubiri mpaka uambiwe uende kingine. Vipe namba za kuruka, 10, 20, 30, maana dairekta lazima ataongeza kitu siku ya mwisho, nawe unakipa 15 bila kuvuruga karatasi za wenzio. Kwenye redio koli aongee mtu mmoja tu, anasema "ishirini, kaa tayari", afu "ishirini, piga". Akisema kaa tayari wewe hugusi kitu, mkono upo tu hapo juu.

Laptopu yenyewe: zima intaneti, zima usingizi wa skrini, funga WhatsApp. Mi nshawahi kurusha ukutani meseji ya wife "hela ya gesi umeweka wapi", herufi moja kubwa kuliko mchezaji, watu walipiga makofi wakijua ni sehemu ya igizo.

Umeme utakatika, we chukulia hivyo. UPS (betri ya akiba) iwe ya laptopu na mikisa ya sauti, projekta kubwa itaimaliza haraka tu, na ikizimika taa yake ikiwa ya balbu inataka ipoe kwanza kabla ya kuwaka tena, dakika kadhaa hizo. Kwahiyo kubaliana kabisa na wapiga ngoma: giza likiingia wao wasiache kupiga, na kuwe na mtu ana tochi karibu na ngazi.

Shoo ikiisha kebo usizizungushie kwenye kiwiko, zinavunjika ndani. Zifuate zilivyojikunja zenyewe, funga kwa kamba, andika urefu kwenye tepu.