Kalamu ya urushi ya Kijapani: kuisafisha na kuijaza bila kuiharibu

Tunazungumzia kalamu za wino za Kijapani za zamani zisizo na kifuko cha mpira ndani: wino unamiminwa moja kwa moja mwilini, na nyuma kuna mkia wa kuzungusha. Mwili ni wa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu, na juu yake umepakwa urushi, laka ya utomvu wa mti. Namiki, watengenezaji kalamu wa Kijapani, walianza kupaka laka miaka ya 1920 kwa sababu ya kawaida kabisa: ebonaiti tupu hupauka. Mapambo ya unga wa dhahabu, maki-e, yalifuata baadaye.

1. Legeza mkia kwanza. Mkia umeshika kijiti kirefu kinachopita ndani ya mwili hadi kuziba njia ya wino nyuma ya shingo, sehemu ya mbele inayoshika nibu. Usifungue shingo huku kijiti kimeibana.

2. Fungua shingo kwa mkono. Imegoma? Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, joto lisizidi lile ambalo kiganja kinavumilia, kisha izungushe kwa kipande cha mpira. Koleo marufuku.

3. Safisha kwa ndani tu. Ingiza maji ya kawaida kwa sirinji isiyo na sindano, tikisa, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Usiiloweke kalamu. Hesi (mistari ya kufungia) hazina laka, na ebonaiti iliyo wazi ikikaa majini hugeuka rangi ya kahawia. Maji ya moto ndiyo mabaya zaidi. Spiriti pia usiiguse.

4. Pima uvujaji. Jaza maji, rudisha shingo, funga mkia, laza kalamu juu ya tishu kwa saa moja. Tishu ikilowa upande wa mkia, sili inayozunguka kijiti imekauka. Paka kijiti grisi kidogo ya silikoni, kivute na kukirudisha mara kadhaa, upime tena. Ikiendelea kuvuja, mpe fundi wa kalamu, kwa sababu sili imekaa ndani sana na bila kifaa chake utavunja mwili.

5. Jaza. Tumia wino wa kalamu za aina hii tu, ule wa kuchorea wenye gundi utaziba njia. Acha nafasi chini ya hesi, zipake grisi nyembamba, funga. Unapoandika, legeza mkia kiasi cha milimita 2 au 3, ukimaliza, ukaze. Wengi huusahau wazi, kisha wanalaumu kalamu: joto la mkono hutanua hewa iliyo ndani, hewa inasukuma wino, tone linadondoka. Kadiri wino unavyopungua, hewa inaongezeka na hatari inakua.

6. Laka. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Dawa ya kung'arishia shaba itaondoka na dhahabu. Palipobanduka pasizibwe kwa gundi ya papo hapo. Urushi halisi hukauka kwa unyevu, asilimia 70 hadi 85, kwenye nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Tabaka nene hukauka juu likajikunja huku chini bado bichi. Ukiupaka mwenyewe, vaa glavu. Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na mbangua korosho anajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole. Urushi mbichi nao huwasha na kutoa malengelenge.