Umeachishwa kazi Mbeya au Iringa? Namna ya kufungua mgogoro CMA kabla siku 30 hazijakatika

Mtu akiachishwa kazi huku kwetu, iwe kiwanda cha mbao Mafinga, shamba la chai Rungwe au gesti ya Mwanjelwa, mara nyingi anakimbilia kwa Mkuu wa Wilaya. Wengine wanakwenda kwa Afisa Kazi. Watakusikiliza, lakini si wao wanaoamua kama uliachishwa kihalali. Kazi hiyo ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Ni chombo cha serikali, ila kisheria hakipokei maagizo ya mtu kwenye maamuzi yake. Kwa hiyo mwajiri mwenye jina kubwa mjini anaitwa kwa wito uleule anaoitiwa mwenye kibanda cha chipsi.

Kama ni mtumishi wa umma, ishia hapa: njia yako inaanzia kwenye rufaa za utumishi wa umma, si CMA.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku ya kupewa barua haihesabiwi. Unaanza kesho yake. Tuseme umeachishwa tarehe 3 Machi: siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Bosi anasema, "Subiri mkurugenzi arudi kutoka Dar, tutayamaliza." Unasubiri. Mazungumzo ya namna hiyo hayasimamishi saa. Kinachobadilisha hesabu ni rufaa rasmi ya ndani ya kampuni: ukiikata na mwajiri akatoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha, siku zinahesabiwa kuanzia uamuzi huo. Omba uamuzi kwa maandishi.

Umechelewa? Ipo Fomu Namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu nzito ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa naongea na bosi" si sababu nzito.

Hatua ya 2: Chagua ofisi sahihi

Mgogoro unasikilizwa na ofisi ya eneo ulikotokea. Aliyeachishwa Mafinga anakwenda Iringa, wa Tukuyu anakwenda Mbeya, hata kama makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam.

Hatua ya 3: Jaza Fomu Namba 1

Usiijaze umesimama kaunta. Chukua nakala, kaa nayo nyumbani. Andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba au hati ya mshahara, si jina la duka linalojulikana mtaani, maana tuzo (uamuzi wa maandishi wa mwamuzi) yenye jina lisilo sahihi ni shida tupu wakati wa kuitekeleza. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu; anayedai malimbikizo akiwa bado kazini asiiguse.

Kwenye matokeo unayotaka, taja kila kitu: kurudishwa kazini au fidia, likizo, notisi, mshahara uliobaki. Usichokiandika humo utapata taabu kukidai baadaye mbele ya mwamuzi.

Hatua ya 4: Mpe mwajiri nakala kwanza

Peleka nakala kwa mwajiri, asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yako, ndipo ukafungue CMA. Tume inataka uthibitisho kwamba amepewa. Mlinzi akikuzuia getini, tuma kwa rejista posta na utunze risiti.

Hatua ya 5: Usuluhishi

Usuluhishi unapewa siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Usikose kufika: mlalamikaji asipotokea msuluhishi anaweza kuyafuta madai, na mwajiri asipotokea anaweza kuamuliwa bila yeye kuwepo. Unaruhusiwa kwenda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili au mwakilishi uliyemchagua.

Yanayosemwa chumba hiki hayatumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo ongea pesa bila woga. Binafsi huwa nawaambia watu waje na kiwango cha chini walichokwisha kukiandika, kwa sababu mwajiri akiweka noti mezani akili inahama.

Hatua ya 6: Uamuzi

Msipopatana, mnakwenda kwa mwamuzi. Kwenye kesi ya kuachishwa, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Muulize: nilipewa taarifa ya kikao cha nidhamu angalau saa 48 kabla? Niliruhusiwa kuja na mwenzangu? Waajiri wengi wanaanguka hapo, hata wenye sababu nzuri. Angalizo kwa aliyefanya kazi chini ya miezi sita na mwajiri huyo: kinga hii haikuhusu.

Asiyeridhika na tuzo anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu alipopewa nakala ya tuzo. Andika tarehe hiyo juu ya nakala yako siku hiyohiyo.