Kupima kemia ya ubongo kwa MRI: hatua ninazofuata chumba cha mashine

Picha ya kawaida ya MRI, mashine ya sumaku ya kupiga picha za mwili, inaonyesha ubongo ulivyokaa. Spektroskopia inaonyesha kilichomo ndani yake. Mashine ni ile ile, koili ya kichwa (kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea ishara) ni ile ile, ila badala ya picha unapata mstari wenye vilele, na kila kilele kina kemikali yake. Nafanya kazi hii Kampala, na mfano nitakaoutumia ni utafiti wa watu wanaoishi na VVU: je, ubongo umeanza kuumia wakati picha bado ni safi?

Kwanza ujue nguvu ya sumaku yako. Vilele vinatengana kwa kipimo cha sehemu kwa milioni (ppm). Kile cha NAA, kemikali ya seli za neva, kiko 2.0, cha kolini, kemikali ya kuta za seli, kiko 3.2. Kwenye tesla 1.5 nafasi kati yao ni kama hezi 77, na kwenye tesla 3 inazidi 150. Sasa chukua mashine ya sumaku hafifu iliyoundwa Mbarara, magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani, yenye takriban tesla 0.05. Hapo nafasi hiyo hiyo ni hezi 2 na nusu tu, vilele vinalaliana. Kwa picha za watoto wale inafaa sana. Kwa kazi hii hapana.

Hatua ya 1: chupa. Kabla ya kumlaza mtu, pima chupa ya majaribio yenye kemikali unazozijua kiasi chake, na urudie kila wiki. Usishtuke kilele cha maji kikikaa karibu na 4.8 badala ya 4.7. Kinasogea kama 0.01 ppm kwa kila nyuzi moja ya joto, na chupa iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi haina joto la mwili. Mimi nilipoteza mchana mzima nikidhani mashine imeharibika.

Hatua ya 2: mtu. Kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kiwe mkononi, na ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Kisha usalama. Ukimuuliza fundi wa vyuma wa Katwe, hapa Kampala, "Una chuma mwilini?" atakujibu hana, na hasemi uongo. Muulize hivi: "Mzee, umewahi kuchomelea au kukata chuma? Kuna siku cheche ilikuingia jichoni?" Akisema ndiyo, apigwe eksirei ya macho kwanza. Wigi zivuliwe pia, zina vibanio.

Hatua ya 3: kisanduku. Chagua sehemu utakayoipima. Mimi huweka sentimita 2 kwa 2 kwa 2, yaani mililita 8, kwenye sehemu nyeupe ya ubongo nyuma ya paji. Kiwe mbali na mashimo ya maji, mbali na uwazi wa hewa ulio juu ya pua, na kisiguse mafuta ya ngozi ya kichwa. Mafuta hutoa kilele 1.3, palepale anapokaa lakteti, kemikali ya seli zinazokosa oksijeni. Piga picha ya kisanduku kilipokaa, utaihitaji kwa mshiriki anayefuata.

Hatua ya 4: shimu. Hapa ndipo kazi inapopona au kufa, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Kushimu ni kusawazisha uga wa sumaku ndani ya kisanduku. Mashine itafanya yenyewe, halafu itakuambia imemaliza. Usiiamini. Tazama upana wa kilele cha maji katikati ya kimo chake. Kikomo changu ni 0.1 ppm: hezi 6 hivi kwenye tesla 1.5, hezi 13 kwenye tesla 3. Kikizidi, shimu tena. Kikikataa, sogeza kisanduku milimita chache kutoka kwenye mfupa. Kikikataa bado, mrudishe mtu siku nyingine, kwa sababu vilele vilivyovimba hakuna programu itakayovitenganisha baadaye. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, anza shimu upya hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Hatua ya 5: maji. Maji ya ubongo yanazizidi kemikali unazozitafuta karibu mara elfu kumi, kwa hiyo ishara yake izimwe. Lakini kusanya pia vipimo vichache bila kuyazima. Ndiyo rula yako ya kukadiria kiasi.

Hatua ya 6: kupima. Muda wa mwangwi, yaani muda kati ya kuchochea ishara na kuipokea, wa milisekunde 144 unatoa mstari msafi, na lakteti hugeuka chini, rahisi kumtambua. Kwa VVU natumia 30, kwa kuwa namtaka mio-inositoli, kemikali ya seli zinazosaidia neva, na kwenye muda mrefu anafifia. Vipimo 128, kimoja kila sekunde 2: dakika 4 na sekunde 16. Ukitaka ishara iwe safi mara mbili, muda unakuwa mara nne, na shingo ya mzee haitasubiri.

Hatua ya 7: kusoma. Namba zinapanda kutoka kulia kwenda kushoto: NAA 2.0, kreatini (kemikali ya nishati) 3.0, kolini 3.2, mio-inositoli karibu 3.5. Kwa VVU, NAA iliyoshuka huku kolini na mio-inositoli zikipanda inaelekeza kwenye neva zilizoumia na uvimbe wa maambukizi (si wa saratani). Programu za kuchambua mstari, LCModel iliyotungwa na Stephen Provencher na Osprey, zote ni za bure, na zinakupa asilimia ya mashaka kwa kila kemikali. Wengi hutupa chochote kinachozidi 20. Mimi huangalia mstari kwanza, maana kemikali iliyopungua kweli hupata mashaka makubwa kwa sababu tu ni chache. Ukiitupa, umetupa jibu lenyewe. Na ukigawanya kila kitu kwa kreatini, hakikisha kreatini yenyewe haijabadilika: ilinganishe na yale maji ya hatua ya 5.